Bwawa Lako la Udongo Liko Daraja Gani la Hatari? Mwongozo kwa Wenye Mabwawa Bara ya Malindi

Novemba 2023, mvua za El Niño ziliposhika, nilisimama juu ya tuta la bwawa letu saa nane za usiku, tochi mkononi. Jioni nilikuwa nimechomeka kijiti ukingoni mwa maji. Sasa hakionekani. Kutoka usawa wa maji hadi kichwa cha tuta palibaki shubiri moja na nusu, na huko juu korongoni mvua ilikuwa bado inanguruma.

Tuta halikupasuka. Mvua ilikatika kabla ya alfajiri. Asubuhi naibu wa chifu alikuja kutujulia hali, akazunguka tuta zima kimya, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huko chini wanalala watu wangapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikakwama. Marehemu baba alipolichimbisha bwawa hili kwa tingatinga, chini yake palikuwa na mikorosho na boma moja la mbuzi. Nilidhani bado ni hivyo. Siku ile tulipoteremka pamoja tulihesabu nyumba kumi na nne na chekechea moja, zote kando ya korongo ambalo maji yetu yangelifuata.

Ndipo nilipoelewa maana ya daraja la hatari. Wenye mabwawa wengi wa huku kwetu, kuanzia Langobaya na Jilore hadi Marafa, husikia neno hilo wakadhani linahusu ubora wa tuta: likiwa zuri, hatari ndogo, likiwa bovu, hatari kubwa. Sivyo. Daraja hujibu swali jingine kabisa: tuta hili likiondoka leo, nani ataumia? Bwawa linaweza kuwa imara kama ngome na bado likawa la hatari kubwa, kwa sababu watu wamejenga chini yake. Hali ya tuta ni swali la pili. Yote mawili yanahitaji majibu, ila anza na lile la kwanza.

Hatua ya kwanza: teremka na korongo

Chukua daftari, kalamu na mtu anayewajua wakazi. Mzee wa mtaa anafaa kuliko yeyote. Anzia mguuni mwa tuta, upande mkavu, mfuate njia ya maji kwa miguu. Msitembee kitandani mwa korongo tu. Tembeeni kingo zote mbili, kwa sababu wimbi la bwawa lililopasuka haliheshimu kina cha korongo la kila siku.

Andika kila kitu: nyumba, idadi ya wanaolala humo, wazee wasioweza kukimbia, kisima, choo, zizi, kivuko cha barabara, msikiti, kanisa, darasa. Andika pia mambo ya msimu. Nyumba inaweza kuwa tupu Januari ikajaa watu Mei kwa sababu ya kilimo, na kivuko kinachopitwa na pikipiki mbili mchana kinaweza kupitwa na watoto mia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Endeleeni hadi korongo linapotawanyika kwenye uwanda mpana au linapoingia mto Sabaki. Kwa bwawa dogo, kilomita chache za mwanzo ndizo zenye kuua.

Sasa gawa ulichokiona. Wamarekani wana mgawanyo mwepesi kukumbuka, nami huutumia: hatari kubwa ni pale kupasuka kunapotarajiwa kuua mtu, hata mmoja, hatari ya wastani ni pale hakuna anayetarajiwa kufa lakini mali, barabara au huduma ya maji itaharibika, hatari ndogo ni pale hasara inabaki zaidi shambani mwa mwenye bwawa. Nao wameyaonja machungu ya mabwawa. Tarehe 6 Novemba 1977, usiku wa manane, bwawa dogo la udongo la Kelly Barnes karibu na Toccoa, jimbo la Georgia, lilipasuka baada ya mvua kubwa likaua watu 39.

Sisi tuna Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika Kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo la mtu binafsi lililokuwa mlimani lilipasuka na kuwateremkia watu majumbani mwao. Waliokufa hawakupungua 47, wengi wao watoto na kina mama. Ukiwa na bwawa lako mwenyewe, habari ile huisomi kama habari ya Nakuru.

Hatua ya pili: pima bwawa lenyewe

Serikali huangalia pia ukubwa. Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za 2007 ziliweka madaraja matatu kwa vipimo vitatu. Daraja A, la hatari ndogo: kina cha maji chini ya mita 5, ujazo chini ya mita za ujazo 100,000, na eneo linaloleta maji chini ya kilomita za mraba 100. Daraja B, la wastani: kina cha mita 5 hadi chini ya 15, ujazo wa 100,000 hadi 1,000,000, eneo la kilomita za mraba 100 hadi 1,000. Daraja C ni zaidi ya hapo. Vipimo vyako vikigongana, kimoja kikisema A na kingine B, jihesabu uko B. Kanuni zilihuishwa 2021, kwa hiyo ukifika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji omba uoneshwe jedwali linalotumika sasa.

Kina hupimwa kutoka sehemu ya chini kabisa ya korongo, penye tuta, hadi usawa wa mdomo wa njia ya maji ya ziada, yaani mfereji wa pembeni unaotoa maji bwawa likijaa. Huhitaji mashine. Mafundi wa nyumba wana mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Jaza maji, toa mapovu yote, mtu mmoja ashike ncha moja mdomoni mwa njia ya maji, mwingine ashuke na ncha nyingine na mti uliopigwa alama za sentimita. Maji ndani ya mpira hayadanganyi. Ifanye kazi hii mwishoni mwa kaskazi, bwawa likiwa karibu kukauka.

Ujazo unakadiriwa hivi: upana wa maji penye tuta, mara kina kikubwa kabisa, mara urefu wa maji kutoka tuta hadi mkia wa bwawa, gawa kwa 6. Letu lina upana wa mita 90, kina cha mita 4, urefu wa mita 300. Jibu ni mita za ujazo 18,000. Kwa jedwali la serikali ni daraja A bila ubishi.

Lakini usitulie hapo. Wahandisi wana fomula ya Froehlich ya 1995 ya kukadiria kilele cha maji tuta la udongo linapopasuka. Kwa bwawa la mita za ujazo 18,000 na kina cha mita 4 inatoa kama mita za ujazo 60 kwa sekunde. Hizo ni tani 60 za maji kila sekunde, zimebeba udongo wa tuta na magogo, zinateremka kwenye chekechea. Kwa ukubwa bwawa langu ni dogo. Kwa watu walio chini yake, nimeandika ukurasa wa kwanza wa daftari: HATARI KUBWA. Mhandisi niliyemwonyesha alikubali.

Hatua ya tatu: jua unasimama wapi kisheria

Fupi tu. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali zote za maji ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya. Shamba ni lako, tuta ni lako na wajibu wa tuta ni wako. Kuyazuia na kuyatumia maji yale kunataka kibali cha Mamlaka. Kama bwawa limeachwa na wazazi na hakuna karatasi, usijifiche. Nenda na vipimo vyako, daftari la nyumba za chini na picha, useme unataka kulisajili. Kwa bwawa jipya, au kuinua tuta la zamani, kibali cha ujenzi hutangulia, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nao wana mahitaji yao ya tathmini ya mazingira. Michoro ifanywe na mtaalamu anayetambuliwa. Najua gharama inauma. Bado usikubali fundi wa tingatinga awe ndiye mhandisi wako: letu lilichorwa kwa ncha ya fimbo mchangani, na makosa ninayoyaeleza hapa chini yalizaliwa siku ile.

Hatua ya nne: njia ya maji ya ziada

Hapa nitakaa, kwa sababu tuta la udongo huvumilia mengi ila maji kupita juu ya kichwa chake. Yakianza kumwagikia upande mkavu, yanachimba kutoka chini kwenda juu, na tuta linaweza kwisha kabla hujafika nyumbani kuita watu. Nenda Marafa ukaitazame Nyari, yale mabonde mekundu ambayo Wagiriama wanasema ardhi ilijivunja yenyewe. Ni mvua na udongo laini. Tuta lako ni udongo uleule.

Njia ya maji ya ziada iwe kwenye ardhi asilia, pembeni mwa tuta, kamwe isipite juu ya udongo wa kujaza. Mdomo wake uwe chini ya kichwa cha tuta kwa mita 1 au zaidi. Kichwa cha tuta chenyewe hushuka kadiri miaka inavyokwenda, hasa katikati palipo na kimo kikubwa, tena hukanyagwa na ng'ombe. Kwa hiyo pima kwa mpira kila baada ya mita tano. Tuta letu lilikuwa limeshuka sentimita 40 katikati, na kwa macho hukuweza kuona.

Upana unahesabika. Kadiria maji yanayokuja: chukua sehemu ya mvua inayotiririka, mara mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo linaloleta maji kwa kilomita za mraba, gawa kwa 3.6. Kwa eneo la kilomita za mraba 2, mvua ya milimita 50 kwa saa, na theluthi moja pungufu kidogo ikitiririka (0.3), ni mita za ujazo 8.3 kwa sekunde. Njia iliyo wazi, maji yakipita kwa kina cha nusu mita, hupitisha kama mita za ujazo 0.6 kwa sekunde kwa kila mita ya upana. Basi unahitaji upana wa mita 14. Ya kwetu ilikuwa mita 4. Nilipomaliza hesabu ile nilikaa chini ya mwembe kwa muda mrefu, nikikumbuka ile shubiri moja na nusu.

Tuliipanua kabla ya masika yaliyofuata, tukapanda ukoka na kupanga mawe pale maji yanaporudi korongoni. Kama tuta ni la hatari kubwa, mvua ya kuhesabia iwe kubwa kuliko hiyo ya mfano wangu. Hapo mhandisi ndiye wa kuamua. Na tafadhali, usiweke magunia ya mchanga mdomoni mwa njia ya maji ili ulundike maji ya kiangazi. Nimeyaona mara nyingi, na naelewa tamaa yake, maana jua la huku hulamba karibu mita mbili za maji kwa mwaka. Lakini gunia moja linakula ile nafasi iliyobaki kati yako na walio chini.

Hatua ya tano: soma mwili wa tuta

Zunguka tuta lote mara moja kwa mwezi, na kila siku wakati wa mvua. Tembea juu, kisha katikati ya mteremko mkavu, kisha mguuni. Fyeka nyasi ndefu kwanza, maana huwezi kuona kilichofichwa.

Mteremko wa upande wa maji uwe wa kulala, mita 3 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kimo. Upande mkavu 2 hadi 2.5 kwa 1. Kichwa kiwe na upana wa mita 3 hivi. Tuta lililosimama wima kuliko hapo huporomoka likilowa.

Nyufa zinazofuata urefu wa tuta huashiria kuporomoka au kukauka. Zile zinazolikata kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ni mbaya zaidi, kwa sababu maji hupata njia.

Unyevu mguuni si lazima uwe msiba. Matuta mengi huvuja kidogo. Chukua chupa ya plastiki angavu, kinga maji yanayovuja, tazama juani. Yakiwa safi na kiasi hakibadiliki, andika tarehe na uendelee kupima. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kutoka ndani: udongo unaouona chupani umetoka tumboni mwake. Hiyo ni dharura. Usiizibe tundu kwa udongo au saruji, maji yatatafuta tundu jingine. Zungushia magunia, weka mchanga wa chembe kubwa kisha kokoto juu yake, ili maji yatoke na udongo ubaki. Wakati huohuo anza kushusha maji ya bwawa na kuwaita watu.

Kabla ya kukarabati chochote jaribu udongo wako. Tumbukiza donge dogo, lisilosumbuliwa, katika glasi ya maji safi, uliache tu. Likivunjikavunjika na maji yakabaki safi, sawa. Likitoa ukungu kama wa maziwa unaotanda glasi nzima, udongo huo huyeyuka wenyewe, aghalabu kwa sababu ya chumvi ya sodiamu. Bara yetu ina sehemu nyingi za udongo wa namna hiyo. Usiujengee tuta bila ushauri.

Wanyama: mashimo ya panya, kenge na nungunungu, na vichuguu vya mchwa. Chimbua shimo hadi mwisho wake, ujaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kiasi kwa tabaka za sentimita 15 na kushindilia kila tabaka. Kuziba mdomo tu ni kujidanganya.

Miti ni ugomvi katika kila familia. Mama alitaka mwarobaini ubaki kwa kivuli. Mizizi ikifa huacha mirija, na mti ukiangushwa na upepo wa kusi hung'oka na kipande cha tuta. Miche ya mathenge na mwarobaini ing'oe ingali midogo. Mti mkubwa usiukate ovyo, kwa kuwa mizizi itaoza ndani. Uliza mtaalamu, na ukitolewa, shimo lijazwe kwa tabaka.

Mwisho angalia bomba lolote lililopita ndani ya tuta. Maji hupenda kufuata ngozi ya bomba. Pakilowa kandokando yake, rudi kwenye chupa.

Hatua ya sita: jinsi ya kushusha maji

Uwe na njia tayari kabla hujaihitaji. Sisi tuna mpira wa inchi 4 uliopitishwa juu ya tuta. Ukijazwa maji na kufunguliwa ncha ya chini, unavuta wenyewe bila mafuta, na bei yake haifiki ya pampu. Katika hali ya kawaida usishushe zaidi ya sentimita 30 kwa siku, kwa sababu mteremko wa upande wa maji ukiachwa ghafla ukiwa umelowa huteleza. Penye dharura kanuni hiyo huwekwa kando. Ila usikate tuta kwa jembe ili "kulipunguzia". Utakuwa umelipasua kwa mkono wako.

Hatua ya saba: mpango wa kuwaamsha watu

Andika ukurasa mmoja tu, mrefu hausomwi. Juu kabisa weka dalili tatu za kuanza kazi: maji yamefika nusu mita chini ya kichwa cha tuta, maji ya kuvuja yana tope, au sehemu ya tuta imeteleza. Kisha nani anapiga simu kwa nani: mwenye bwawa kwa mzee wa mtaa, mzee kwa naibu wa chifu na nyumba za mwanzo, kisha Msalaba Mwekundu kwa 1199. Mtandao hupotea mvua inaponyesha, kwa hiyo weka sauti isiyohitaji mtandao. Kwetu imamu amekubali kipaza sauti cha msikiti kitumike, na chekechea ina ringi ya gari inayogongwa kwa nondo. Onyesha pia watu wakimbilie wapi: kupanda ukingoni, mbali na korongo, wala si kulifuata korongo kuteremka.

Nilipopeleka ukurasa ule nyumba kwa nyumba niliogopa kulaumiwa. Nyumba ya tatu bibi mmoja alinikaribisha, akasoma hadi mwisho, akasema, "Baba, miaka yote hii nilikuwa nikisikia mvua nasali peke yangu. Sasa nitajua ni lini nitoke." Akaniomba niandike jina la mjukuu wake, asiyeona vizuri, na kwamba abebwe na jirani wa upande wa kulia.

Hatua ya nane: rudia

Daraja hubadilika bila tuta kuguswa. Kiwanja kimoja kikiuzwa chini yako, hatari ndogo imekuwa kubwa. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa Februari, kabla ya masika, na tena Septemba, kabla ya vuli, teremka na korongo upya na daftari lilelile. Mwambie mzee wa mtaa akujulishe mtu akitaka kujenga kando ya korongo. Ni rahisi kusogeza nyumba ambayo bado ni vigingi na kamba. Februari iliyopita tulikuta vigingi vya nyumba ya kumi na tano. Kijana mwenyewe alikuwepo, tukampandisha hadi juu ya tuta, akatazama maji, akatazama kiwanja chake, kisha akashuka kimya na kuanza kung'oa vigingi ili avihamishie juu kwenye mikorosho.